Benchi la Bi Kesho

Mafundi cherehani ni waongo. Tuliseme hilo mapema, tusije tukasumbuana huko mbele. Unampelekea fundi kitambaa, anakuahidi Ijumaa, na Ijumaa ukifika unamkuta ameinamia nguo ya mtu mwingine, anakupokea kwa bashasha kana kwamba umekuja kumjulia hali. Ukiiulizia nguo yako, anasema amebakisha vifungo tu. Usimwamini. Fundi akisema amebakisha vifungo, ujue kitambaa chako bado kimo ndani ya mfuko uliokuja nao, na fundo ulilolifunga wewe mwenyewe halijaguswa.

Katika uongo huo hakuna aliyemfikia mwanamke mmoja mnene, mcheshi, aliyeshonea ghorofani kwenye jengo la zamani nyuma ya soko. Wateja walimwita Bi Kesho, naye akaitika bila kununa. Alikuwa na visingizio vya kila namna: umeme umekatika, sindano imevunjika, uzi wa rangi ile umeadimika mji mzima, mkwe wake amelazwa. Mkwe huyo alilazwa mara nyingi mno, hata wateja wa zamani wakawa wanamwulizia hali yake kwa huruma ya kweli. Siku alipopanda ngazi mwenyewe, mzima wa afya, na tikiti maji begani, Bi Kesho alimtambulisha kuwa ni binamu yake kutoka mbali.

Lakini nguo zake zilikaa mwilini. Hilo hata hasimu wake angelikubali. Watu waliondoka wakilalamika na wakarudi na kitambaa kingine.

Ukumbi wa ghorofani ulikuwa mrefu, na upande wa barabara ulikuwa na madirisha makubwa. Mafundi walipanga vyerehani vyao kuyafuata madirisha hayo, maana kushona nguo nyeusi gizani ni kujitafutia upofu. Bi Kesho alikuwa na dirisha la mwisho. Alianza kukaa pale akiwa binti, akimpindia mama yake mashuka. Mama alipofariki, alibaki na kiti, meza ya kukatia na mdogo wake wa kike, ambaye alimfundisha kazi kwa subira nyingi na makofi machache. Sasa wote wawili walikuwa watu wazima, wanakaa mgongo kwa mgongo na kugombea mkasi mmoja kutwa nzima. Pale ndipo Bi Kesho alipomlaza binti yake mchanga ndani ya kapu la vipande, na ndipo alipoletewa habari za kifo cha mumewe, akiwa na pini mdomoni. Alikuwa na chumba cha kulala mtaa wa pili, lakini kwake hasa palikuwa pale.

Basi asubuhi moja mafundi wakakuta tangazo limebandikwa mlangoni, chini ya ngazi. Idara ya majengo ilisema kwamba, kwa mujibu wa ripoti ya mhandisi, jengo ni hatari kwa maisha ya watu, na wapangaji wote wawe wamehama kabla ya mwaka kwisha.

Hofu ikaingia. Kuna waliokwisha kuona nyufa ambazo jana yake hazikuwapo. Fundi wa suruali aliapa kwamba sakafu inatikisika, ingawa aliyekuwa akiitikisa ni yeye, kwa kukanyaga cherehani chake. Bi Kesho hakuapa lolote. Alisema wazi kwamba kuhusu majengo hajui kitu, na kwamba ukuta hauwezi kumwambia siri zake. Alichotaka ni kuiona hiyo ripoti. Kama jengo linaanguka, atahama, maana ana mjukuu na hana haja ya kufukiwa na matofali. Kama haliangushwi na kitu isipokuwa maneno, hatoki.

Aliyemwonyesha njia ni mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, mteja pekee ambaye Bi Kesho alimwogopa. Na hapa sina budi kueleza jambo la kiufundi. Fundi haogopi mteja anayefoka, haogopi hata anayetishia polisi. Anamwogopa mteja anayekaa. Kando ya kila cherehani pana benchi. Mteja wa kawaida hukaa hapo kidogo, akasimuliwa habari za sindano, akaondoka. Mteja wa benchi haondoki. Anakuja asubuhi na chupa yake ya chai, anakaa, anakutazama mikono. Hatukani wala hanung'uniki. Aliyesimama unaweza kumdanganya, kwa sababu ana haraka ya kwenda zake. Aliyekaa humdanganyi, kwa sababu mfuko uko palepale mbele yenu nyote wawili, na mwisho unaufungua. Mwalimu alimkalia Bi Kesho mara moja tu, miaka mingi nyuma, kwa ajili ya gauni la harusi ya binti yake, na jioni akaondoka nalo likiwa bado na joto la pasi. Tangu siku hiyo nguo za mwalimu zilikuwa tayari siku zilipoahidiwa.

Mwalimu alieleza kwamba iko sheria. Raia yeyote anaweza kuandika kuomba waraka ulio katika ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya muda uliowekwa. Akaongeza kwamba ofisi ikiwa na sababu inaweza kuuongeza muda huo. Hilo la mwisho alilisema harakaharaka, kama daktari anayekwambia sindano itauma kidogo.

Bi Kesho akaandika ombi, mwalimu akamsahihishia, na wakalipeleka pamoja. Aliyelipokea alikuwa afisa wa taarifa, bwana mpole wa makamo aliyevaa koti lililofumuka kwapani. Aligonga muhuri kwenye nakala, akasema watajibiwa kwa wakati. Walipokuwa wakishuka ngazi, Bi Kesho alimwambia mwalimu kwamba mtu mwenye koti lile hana mke au hana kioo.

Muda ulipokwisha, ikaja barua. Ilikuwa na adabu zote. Ofisi ilimshukuru, ikasema kumbukumbu ni nyingi na zinahitaji kupekuliwa, kwa hiyo muda wa kujibu umeongezwa. Bi Kesho aliisoma kwa sauti ukumbini na mafundi wote wakacheka, kwa sababu hakuna aliyeshindwa kuitambua. Ile ilikuwa sindano iliyovunjika.

Akangoja. Ikaja ya pili: ofisi inashauriana na idara nyingine, muda umeongezwa tena. Huyu sasa ni mkwe aliyelazwa, alisema fundi wa suruali, na wakacheka tena, ingawa si kwa muda mrefu. Mwaka ulikuwa unayoyoma. Fundi wa mapazia alikwisha kuhama. Dirisha lake lilibaki wazi, na vumbi la barabarani likaanza kutua kwenye meza yake.

Ya tatu ilisema ripoti iko katika hatua za mwisho za uhakiki.

Safari hii Bi Kesho hakuisoma kwa sauti. Aliisoma peke yake dirishani, akarudia, na damu ikamchemka. Hatua za mwisho! Ni vifungo hivyo. Wamembakishia vifungo, yeye, aliyewabakishia vifungo watu wa mji mzima. Na aliye na nguo iliyokaribia kwisha hukuonyesha japo mkono mmoja wa nguo. Hawa hawakuwahi kumwonyesha hata uzi. Tena waliweka tarehe mpya ya kujibu, na tarehe hiyo ilikuwa baada ya siku ya kuhama. Yaani atatolewa kwanza, halafu ndipo aambiwe kwa nini. Tarehe yao ya kujibu ilikuwa inarefushwa kila wakiguswa, yake yeye ya kuhama haikusogezwa hata kwa siku moja.

Mdogo wake alikuwa amekata tamaa zamani. Alikwisha kupata chumba nyuma ya gereji, kisicho na dirisha, na kidogo kidogo alikuwa akipanga nyuzi zake kwenye boksi. Wakagombana, na safari hii hawakugombea mkasi.

"Dada, sisi ni nani hata tushindane na serikali?" mdogo mtu aliuliza.

"Sishindani na mtu," Bi Kesho alisema. "Nimepeleka kitambaa, nataka nguo yangu."

Kesho yake alikodi mkokoteni, akapakia cherehani chake kidogo cha mkono, mfuko wa sare za shule alizokuwa amezichelewesha, na chupa ya chai, akaenda ofisi ya idara. Askari wa mlangoni alimzuia. Ubao wa masharti ulikataza silaha, wanyama na vileo. Bi Kesho akamwomba amwonyeshe palipoandikwa cherehani. Askari alisoma ubao ule kwa makini, juu mpaka chini, kisha akamsaidia kukipandisha.

Kwenye ukumbi wa nje wa ofisi ya taarifa palikuwa na viti vya plastiki vilivyoungwa kwa chuma, na meza fupi yenye magazeti ya kale. Bi Kesho aliyasogeza magazeti, akaweka cherehani, akakaa, akaanza kushona.

Afisa wa taarifa alitoka baada ya mshono wa pili. Alimsalimia vizuri, akamkumbusha kwamba ameshaandikiwa na kwamba jibu litatoka tarehe iliyotajwa. Bi Kesho akasema barua ameipata na ameisoma, anamshukuru, na sasa anasubiri. Afisa akasema hawezi kusubiria pale.

"Sheria inasema nisubirie wapi?" Bi Kesho aliuliza, na hakuwa akimdhihaki.

Afisa akarudi ndani.

Cherehani cha mkono hakina kelele nyingi, lakini kina kelele isiyokwisha. Ilipenya kwenye milango, ikawafuata watu hadi kwenye simu zao. Kufikia adhuhuri kulikuwa na makarani waliotoka kuchungulia, na mmoja akarudi na sketi yenye zipu mbovu. Bi Kesho aliitengeneza palepale huku akimwuliza, kwa upole tu, kama amewahi kuiona ripoti ya jengo la nyuma ya soko. Hakuwahi. Aliyefuata hakuwahi pia. Jioni alikuwa ametengeneza nguo kadhaa na hajampata hata mtu mmoja aliyeiona.

Siku ya pili mkuu wa idara alitoka mwenyewe. Alikuwa mtu wa sauti laini, mwenye mdomo wa asali, na alimwalika Bi Kesho ofisini kwake, akamwagizia soda baridi. Alimwambia kwamba anawaheshimu sana wajasiriamali. Alimwambia kwamba jengo likishaondolewa pale patajengwa maduka ya kisasa, yenye vioo, na kwamba yeye na mdogo wake wangeweza kufikiriwa kwanza kabisa, wakachagua nafasi wanayoitaka. Hata ya dirishani.

Tusimpambe. Bi Kesho alitamani. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa kile kiti cha plastiki, na alijiona na mdogo wake nyuma ya kioo kikubwa, na feni juu yao, wakigombea mkasi mpya. Alikunywa soda yake taratibu. Halafu akamfikiria fundi wa suruali, na wengine waliobaki, ambao hakuna aliyewaagizia soda. Akaweka chupa mezani.

"Na ripoti?"

"Ah, mama. Hiyo njoo hata kesho tutaongea."

Akasimama, akashukuru kwa soda, akarudi kwenye kiti chake. Kwa hasira alishona kola upande, na ilimbidi afumue mshono mzima na kuuanza upya. Alikuwa amelitamka neno lile maelfu ya mara, na ndiyo kwanza aone jinsi linavyomwingia mtu anayeambiwa.

Siku iliyofuata, alipofika na mkokoteni wake, alimkuta mtu amekwisha kukaa pale ndani. Alikuwa mdogo wake. Alikuwa na cherehani chake mapajani, na boksi lake la nyuzi miguuni, limefunguliwa. Hakusema kwa nini amekuja. Alisema tu kwamba chumba cha gereji kinanuka mafuta, kisha akaomba mkasi. Wakageuza viti, wakakaa mgongo kwa mgongo. Kabla ya adhuhuri mwalimu mstaafu akaingia na chupa ya chai na kitabu cha mafumbo ya maneno, akakaa bila kumsalimia afisa yeyote. Baada yake akaja fundi wa suruali, na nyuma yake ukumbi mzima wa ghorofani, hata fundi wa mapazia aliyekwisha kuhama. Askari wa mlangoni aliulizwa na mkuu kwa nini amewaruhusu wote hao. Alisema ubao haujabadilishwa.

Mchana ule, ofisi ilipotulia, afisa wa taarifa alitoka akiwa na koti lake mkononi. Aliomba, kwa aibu, kama panaweza kushikizwa pale kwapani. Bi Kesho alilichukua, akaligeuza nje ndani, akaanza. Afisa aliketi kando yake, na kwa muda mrefu alitazama sindano ikipanda na kushuka.

"Mama," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna ripoti. Hakuna mhandisi aliyefika pale. Nilitafuta tangu barua yako ya kwanza. Zile za kuongeza muda niliambiwa niandike, nikaandika."

Bi Kesho alisimamisha cherehani. Unaweza kudhani alifurahi. Hakufurahi hata chembe. Aliona miezi yote ile ya hofu, usingizi wa usiku uliokatika, mdogo wake akifunga nyuzi kwenye boksi, dirisha lenye vumbi la fundi wa mapazia, na vyote hivyo vilikuwa vimeshikiliwa na kitu ambacho hakipo. Alitaka kumrushia mtu yule koti lake usoni. Lakini alimtazama, akaona alivyojikunja, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akijikunja kila mwalimu alipotokea mlangoni.

"Basi niandikie hivyo," alisema.

"Nikuandikie kwamba hakuna?"

"Niliomba jibu. Hilo ndilo jibu."

Afisa akasema jambo hilo litamponza. Kwamba mkuu atamla nyama. Kwamba ana watoto shuleni. Bi Kesho alimsikiliza mpaka mwisho, na hakumwambia kwamba si kitu.

"Mwanangu, mimi nimedanganya watu maisha yangu yote," alisema. "Unavyojisikia hapo kifuani najua. Lakini mtu akishakaa kwenye benchi, hakuna tena maneno. Unafungua mfuko."

Akakata uzi kwa meno, akampa koti. Afisa alilivaa, akanyoosha mkono kulijaribu, likakaa vizuri. Akaingia ndani na kufunga mlango. Mafundi waliendelea kushona. Ofisi zilipokuwa zinafungwa alitoka na karatasi yenye sentensi moja tu: kwamba baada ya kutafuta kumbukumbu zote, ofisi imethibitisha kuwa haina ripoti ya mhandisi kuhusu jengo hilo, na kwamba haikuwahi kuwa nayo. Chini palikuwa na saini yake na muhuri. Saini ilikuwa imekwenda upande, lakini muhuri ulikuwa umekaa sawasawa.

Siku ya kuhama ilipofika hakuna aliyehama. Mkuu wa idara alikuja mwenyewe, na watu wawili wenye kufuli na mnyororo. Alikuta nakala ya barua imebandikwa juu ya lile tangazo lake, na juu ghorofani, kila dirisha lina fundi wake. La mapazia pia lilikuwa na mtu, na meza yake imefutwa. Alipanda ngazi akihema, na vyerehani vikasimama.

Alisema kwamba barua ile ameiona. Alisema ilitolewa kwa makosa na aliyeitoa anachukuliwa hatua. Alisema ukaguzi sasa utafanyika, kikamilifu, ila kwa usalama wao watoke kwanza, ripoti itafuata. Alisema yote hayo kwa sauti yake ileile laini, huku mwenye mnyororo akiuhamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Bi Kesho alisimama kwa shida kidogo, kwa ajili ya mgongo. Alimwambia mhandisi anakaribishwa leo hii. Watampisha, watamshikia ngazi, watamsogezea hata meza za kukatia apime anachotaka. Siku atakayoandika kwamba jengo linaanguka na wao wakaisoma hiyo karatasi kwa macho yao, siku hiyohiyo watashuka. Na kuhusu yule afisa, alisema, ofisi yako bado ina viti vile vya plastiki, na sisi tumeshavizoea.

Kisha akamkabidhi kipande cha kitambaa cheupe. Kilikuwa kimeandikwa kwa chaki ya fundi, kwa herufi kubwa, na chini mafundi wote walikuwa wametia saini kwa uzi, kila mtu na rangi yake. Mkuu alikifungua, akakisoma. Kilisema kwamba wapangaji wa ghorofani wamelipokea agizo la kuhama na wanalishughulikia. Kwa kuwa kazi ni nyingi, na kwa kuwa bado wanashauriana na idara nyingine, muda wa kuhama umeongezwa.

Mwenye kufuli alikisoma kupitia begani kwa mkuu, akageuka upande wa ngazi akikohoa.

"Mmeongeza mpaka lini?" mkuu aliuliza, na sauti yake haikuwa laini tena.

Bi Kesho alikuwa ameshakaa. Alivuta kitambaa chini ya sindano, akashika gurudumu, na nyuma yake akasikia cherehani cha mdogo wake kikianza kabla ya chake.

"Usiwe na wasiwasi, mheshimiwa," alisema. "Tumebakisha vifungo tu."